Amortiseri za Kompyuta na Barabara Utakayopita

Leo nazungumzia kifaa ambacho wengi wetu hatutakimiliki kamwe. Lakini ukikielewa, utaielewa vizuri zaidi hata pikipiki inayokupeleka sokoni na lori linalokuletea mchele, kwa hiyo naomba msizime redio.

Mwanetu mmoja wa hapa Kisangani, aliyeko Ubelgiji kikazi, ametutumia ujumbe wa sauti. Amejibana miaka kadhaa, ameweka akiba, sasa anataka kununua gari la spoti la mkono wa pili, Porsche Cayman. Amepata mawili yanayolingana kwa mwaka na kwa kilomita. La kwanza lina amortiseri za kawaida. La pili lina amortiseri zinazojirekebisha zenyewe kwa kompyuta, mfumo ambao Porsche wanauita PASM, na mwenye gari ameongeza bei kwa sababu hiyo. Anauliza: mzee, niongeze pesa au nisiongeze? Mwishoni mwa ujumbe kaongeza neno moja, kwamba baada ya miaka michache angependa gari hilo lifike Kisangani, wazazi wake wapande nao walione. Neno hilo la mwisho ndilo lililonifanya nitenge kipindi kizima kwa ajili yake.

Tuanze na chuma chenyewe. Chini ya gari kuna vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Springi hubeba uzito wa gari. Gurudumu likigonga jiwe, springi hujikunja, kisha hujikunjua. Ukiiacha peke yake itaendelea kujikunja na kujikunjua, na gari litarukaruka njia nzima. Anayeituliza ni amortiseri, ile ambayo ndugu zetu wa Dar es Salaam huiita shokapu. Ni bomba lililojaa mafuta, ndani yake kuna pistoni yenye vitundu vidogo. Kila gurudumu linapopanda au kushuka, mafuta hulazimika kupenya kwenye vitundu hivyo, na nguvu ya kuruka hugeuka kuwa joto. Ndiyo maana ukiigusa amortiseri gari likiwa limetoka kwenye njia mbaya, itakuunguza mkono.

Wengi hudhani kazi ya amortiseri ni kuuhurumia mgongo wa abiria. Hiyo ni kazi yake ya pili. Ya kwanza ni kulishikisha tairi na ardhi. Tairi lililo hewani halifungi breki, halikati kona, halisukumi gari mbele. Gari lenye amortiseri zilizokufa linaweza kuwa na breki mpya kabisa na bado likashindwa kusimama kwa wakati, kwa sababu magurudumu yanadundadunda badala ya kukanyaga. Ningetamani kila mwenye teksi na kila mwenye basi katika mji huu alisikie hilo, maana watu hubadilisha taa na kupaka rangi, wakaziacha amortiseri zivuje mwaka baada ya mwaka.

Mtengenezaji wa gari la spoti ana shida moja ya zamani. Kwenye lami laini, gari likiwa na kasi, anataka amortiseri ngumu ili gari lisilale upande kwenye kona wala lisiiname mbele likifunga breki. Kwenye barabara yenye mabonde anataka amortiseri laini, ili gurudumu lifuate ardhi bila kurushwa. Amortiseri ya kawaida ina vitundu vya kipimo kimoja, basi inambidi achague. Kokote atakakochagua, kuna barabara atakayoikosa.

Mfumo wa kompyuta ulikuja kumwondolea uchaguzi huo. Mwenye kumkumbuka dereva wa toleka, zile teksi za baiskeli za mji wetu, atanielewa mara moja. Dereva hodari akiona shimo huinua kiuno kutoka kitini na kulegeza magoti. Akifika penye njia safi na kona, hukaa akaukaza mwili. Baiskeli ni ile ile, mzigo ni ule ule, ila ugumu wa mwili wake umefuata ardhi. Gari hufanya hivyo kwa sensa zinazopima mwendo wa magurudumu na wa bodi, kompyuta inayosoma vipimo hivyo mara nyingi ndani ya sekunde moja, na valvu ya umeme kwenye kila amortiseri inayopanua au kubana njia ya mafuta. Wapo waliofuata njia nyingine: wametia chembe za chuma kwenye mafuta, wakazungusha waya wa umeme kwenye pistoni. Umeme ukipita, sumaku huyafanya mafuta yawe mazito papo hapo. General Motors walianza na mfumo huo kwenye Cadillac Seville STS ya mwaka 2002, Corvette ikafuata, na Ferrari nao wakautumia kwenye 599 ya mwaka 2006.

Wazo lenyewe si geni. Toyota waliweka amortiseri zinazoongozwa kwa umeme kwenye Soarer mwaka 1983. Porsche waliiweka PASM kwenye 911 ya kizazi cha 997 mwaka 2004, na Cayman ilipotoka mwaka 2005 mfumo huo ulikuwa wa kuagiza kwa malipo ya ziada. Dereva ana kifungo chenye hali mbili, ya kawaida na ya spoti. Katika hali ya kawaida amortiseri huwa laini, na ukianza kukimbia kompyuta huzikaza yenyewe. Katika hali ya spoti huanza zikiwa ngumu.

Mpaka hapo sifa ni za kweli, na sitaki kuzipunguza. Kwenye gari lililotunzwa, katika barabara zinazobadilika kati ya lami safi na lami iliyochoka, mfumo huu ni kazi nzuri ya kiufundi. Gari moja linakuwa tulivu asubuhi ya kwenda kazini na imara siku ya mapumziko. Ila kuna mambo ambayo muuzaji hatayataja.

La kwanza, na ndilo kubwa, ni kwamba kompyuta haiongezi hata milimita moja ya nafasi ambayo gurudumu linayo ya kupanda na kushuka. Gurudumu la gari la spoti lina safari fupi, na likifika mwisho wa safari yake chuma hugonga chuma, amortiseri iwe na akili au isiwe nayo. Pia kompyuta haiinui tumbo la gari. Kwenye Cayman kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui: gari lenye PASM lilitoka kiwandani likiwa chini kwa milimita 10 kuliko lile lisilo nayo. Kwa hiyo mwanetu akilipia mfumo huo, analipia pia kushuka. Barabarani Brussels milimita 10 si kitu. Kwenye njia ya kutoka Kisangani kwenda Lubutu, au Kisangani kwenda Bafwasende baada ya mvua, hizo ndizo zinazotenganisha gari linalopita na gari linalokaa juu ya tuta la matope, magurudumu yakizunguka hewani.

La pili, kompyuta hailindi tairi wala ringi. Nipeni dakika moja tupige hesabu, maana hesabu hii ni ya bure na inaokoa pesa nyingi. Cayman ya kawaida ilitoka na matairi ya mbele ya 205/55 kwenye ringi za inchi 17. Chukua asilimia 55 ya 205, unapata milimita 113 za mpira kati ya ringi na ardhi. Cayman S ilitoka na 235/40 kwenye inchi 18, yaani milimita 94. Wenye kupenda urembo walichukua inchi 19, 235/35, zikabaki milimita 82. Kati ya ya kwanza na ya mwisho umepoteza milimita 31 za mpira na hewa, na mpira na hewa ndiyo kinga ya kwanza ya gari dhidi ya shimo. Tairi hulipokea shimo kabla sensa haijasoma chochote. Mwanangu, kama gari lenye PASM unalolitaka limevalishwa ringi za inchi 19, na lile la kawaida lina za 17, basi huenda hilo la kawaida ndilo litakalopita vizuri zaidi kwenye mawe, na hakuna kifungo kitakachobadilisha hilo.

Nani amethibitisha kwamba kimo, safari ya gurudumu na mpira ndivyo vinavyoamua? Mashariki mwetu kuna uwanja ambao umezipima amortiseri kwa ukali kuliko maabara yoyote. Safari Rally ilianza mwaka 1953, mwaka wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Ilikuwa ni siku na usiku wa vumbi, mawe, na mvua ya masika inayogeuza njia kuwa mto. Mwaka 1963 walianza zaidi ya 80, wakamaliza saba. Mwaka 1968 walianza zaidi ya 90, wakamaliza saba tena. Miaka yote miwili aliyeshinda ni Nick Nowicki, na miaka yote miwili alikuwa ndani ya Peugeot 404.

Peugeot 404! Wazee wanaonisikiliza wanaijua vizuri. Gari la familia, la maofisa, la teksi. Lilikuwa na springi laini, magurudumu yenye safari ndefu ya kupanda na kushuka, na tumbo la kutosha kutoka ardhini. Halikuwa na umbo la kutisha. Lilishinda Safari mara nne ndani ya miaka sita, likiyaacha nyuma magari yaliyokuwa na nguvu zaidi.

Magari ya spoti nayo yalikuja. Datsun 240Z, kupe ndogo yenye pua ndefu, ilishinda mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, na mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda ambaye baadaye alishinda tena miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, na Datsun nyingine. Kwa hiyo asije mtu akasema kwamba gari la spoti haliwezi barabara zetu. Linaweza, likiandaliwa.

Hadithi ya Porsche ndiyo inayotuhusu leo. Mwaka 1974 Björn Waldegård alimaliza wa pili na 911; aliyemshinda ni Joginder Singh wa Kenya, ndani ya Mitsubishi Lancer ndogo. Mwaka 1978 kiwanda kikarudi kwa nguvu, kikaleta 911 SC mbili za rangi za Martini. Ninawaomba mzingatie walichokifanya mafundi wale wa Kijerumani, watu ambao hakuna anayewazidi kulijua gari lao. Waliliinua gari mpaka likawa na sentimita 28 kutoka ardhini, wakalikinga tumbo kwa mabati. Vic Preston mdogo, wa Kenya, akamaliza wa pili. Waldegård akawa wa nne. Mshindi alikuwa Jean-Pierre Nicolas, ndani ya Peugeot 504 kupe. Porsche walikuja kupata ushindi wa Afrika Mashariki baadaye sana, katika mbio za magari ya zamani, Waldegård mwaka 2011 na Stig Blomqvist mwaka 2015, wakati 911 zilizoinuliwa zilikuwa zimejifunza kila somo la nchi hii.

Na mtu asiseme kwamba hayo ni mambo ya zamani. Mwaka 2021 Safari ilirudi kwenye ubingwa wa dunia, Naivasha, baada ya kukosekana tangu 2002. Thierry Neuville wa Ubelgiji aliamka siku ya mwisho akiongoza kwa karibu dakika moja ndani ya Hyundai. Gari lile lilikuwa na amortiseri za mbio, za gharama ambayo sisi hatuwezi kuifikiria, zinazorekebishwa kwa mkono na mafundi waliobobea. Katika njia ya kwanza ya siku ile, Loldia, amortiseri ya nyuma kulia ikavunjika. Ushindi ukaenda kwa Sébastien Ogier na Toyota. Ninamtaja Neuville kwa heshima kubwa. Hakufanya kosa la kumlaumu. Namtaja kwa sababu barabara ya Loldia haikuuliza bei ya chuma kilichokuwa chini ya gari.

Hata Porsche wenyewe, walipoamua mwaka 2022 kuwauzia watu 911 ya njia mbaya, ile ya Dakar, walianza na nini? Waliiinua milimita 50 juu ya 911 Carrera yenye saspensheni ya spoti, wakaongeza mtambo wa kuiinua milimita 30 nyingine, wakaivalisha matairi mazito ya kupita mchangani. Amortiseri za kompyuta zimo, ndiyo, ila zimo kama msaidizi. Kimo na mpira vilitangulia. Huo ndio mpangilio ninaotaka mwanetu aukariri: kimo, safari ya gurudumu, mpira, na baada ya hapo ndipo akili ya umeme.

Sasa niingie kwenye jambo linaloniuma zaidi, nalo ni uzee wa vifaa. Hapa kwetu tuna mfano mzuri usiohitaji Porsche. Toyota Land Cruiser 100, iliyotoka mwaka 1998, baadhi yake ilikuja na mfumo wa kuinua na kushusha gari kwa mafuta na gesi, pamoja na amortiseri zinazobadilika ugumu. Ukiwa mpya, gari linaelea. Dereva wa mkurugenzi alikuwa akibonyeza kifungo, gari linapanda, watu wanashangaa. Miaka ikapita. Zile tufe zenye gesi ya naitrojeni zikaishiwa, gari likawa gumu kama halina springi kabisa. Mipira ya mafuta ikavuja. Gari likalala upande mmoja. Mafundi wengi wa Afrika ya Mashariki na Kati walifanya jambo moja: waliung'oa mfumo wote, wakaweka springi nzito na amortiseri za kawaida, gari likaendelea kufanya kazi. Wakati huohuo Land Cruiser ya mfululizo wa 70, yenye mabamba ya springi nyuma na isiyo na kompyuta chini, ndiyo utakayoiona mbele ya hospitali, misheni na mashirika kutoka hapa mpaka Bunia. Fundi wetu anaijua kwa kuigusa tu. Amortiseri yake inapatikana, na isipopatikana yake, inapatikana inayoikaribia.

Amortiseri ya umeme haikubali inayoikaribia. Ina waya, ina plagi, ina kompyuta inayoisubiri ijibu. Isipojibu, taa inawaka kwenye dashibodi na mfumo unajifunga kwenye hali moja. Bei ya kipande huwa mara kadhaa ya bei ya amortiseri ya kawaida, na mtu mwenye busara habadilishi moja. Hubadilisha mbili za ekseli moja, kwa sababu mpya na nzee hazivuti sawa. Wapo wanaouza amortiseri za kawaida pamoja na kifaa kidogo cha kuituliza kompyuta ili taa isiwake. Kumbe basi mwenye gari wa kwanza alilipa pesa za ziada aupate mfumo, na wa tatu analipa pesa za ziada auondoe.

Cayman za kwanza sasa zina umri wa miaka 20 hivi. Amortiseri huchoka hata isipovuja, mafuta hupoteza nguvu, raba za ndani hulegea. Kwa hiyo swali la mwanetu, likiulizwa sawasawa, si kati ya amortiseri za kawaida na amortiseri za kompyuta. Ni kati ya amortiseri za kawaida zilizochoka na amortiseri za kompyuta zilizochoka. Gari la kawaida lililobadilishiwa amortiseri zote nne juzi, nyaraka zikiwepo, litalishinda lenye PASM iliyotoka kiwandani nalo na haijaguswa. Litalishinda kwenye kona, kwenye breki, na mgongoni.

Nianze basi kulijibu swali kwa upande wa Ubelgiji, maana haki ni kumjibu mtu pale anapoishi. Ubelgiji ina barabara kuu nzuri, lakini pia ina zile njia za mawe yaliyopangwa, mawe ya zamani yasiyolingana, ambayo viwanda vya magari duniani hujenga mfano wake kwenye viwanja vyao vya majaribio ili kuyatesa magari. Ford wana uwanja wao pale Lommel tangu miaka ya 1960. Mtu anayeishi huko, anayetumia gari moja kwa kazi na kwa furaha, anayepita mawe hayo asubuhi na jioni na kutoroka Jumamosi kwenda milima ya Ardennes, huyo ana barabara za aina mbili kweli. Kwake mfumo unaofanya kazi vizuri una faida anayoihisi kila siku. Nikiwa yeye, na gari likiwa zima, ningeongeza pesa kidogo. Nasema kidogo. Nisingelipa tofauti inayozidi bei ya amortiseri nne mpya za kawaida zenye jina, pamoja na ufundi wa kuzifunga, kwa sababu pesa hizo hizo zingelifanya gari la kwanza kuwa jipya chini.

Kama gari ni la pili nyumbani, linatoka wikendi tu hali ya hewa ikiwa nzuri, achana na kompyuta. Chukua amortiseri za kawaida zilizo nzima. Mazda MX-5 imeuzwa kizazi baada ya kizazi bila amortiseri za kompyuta, na ni vigumu kukuta dereva anayejua gari akasema MX-5 haina raha. Dereva aliyezoea chuma kimoja hujua gari litafanya nini kabla halijafanya, na ujuzi huo una thamani yake. Na kama ana nia ya kwenda Nürburgring, ile njia ya kilomita karibu 21 iliyo upande wa pili wa mpaka, ajue kwamba lami ya kule ina mawimbi na matuta, na hali ya spoti mara nyingi hulirusha gari badala ya kulituliza. Wengi huiacha kwenye hali ya kawaida. Wamelipia hali mbili wakatumia moja.

Upande wa nyumbani jibu langu ni fupi, na nalitoa kwa mapenzi. Usilete Cayman Kisangani, yenye kompyuta wala isiyo nayo. Fuata njia yake kwa mawazo: meli kutoka Antwerp hadi Matadi, barabara hadi Kinshasa, kisha zaidi ya kilomita 1,700 za mto juu ya boti ya mizigo. Kila hatua kuna malipo. Likishuka hapa bandarini, litakuwa na lami ya katikati ya mji, halafu nini? Mvua yetu hainyeshi kwa msimu mmoja ikaondoka. Inarudi karibu kila mwezi, na kila inaporudi inachimba. Gari litapiga tumbo kabla halijatoka mtaani kwenu. Amortiseri ikifa, mpya itatoka Ulaya kwa ndege, kwa bei ambayo ingemlipia mdogo wako ada ya mwaka pale chuo kikuu. Najua hamu ya kuwaonyesha wazazi ulichokipata kwa jasho lako, na ni hamu njema. Wapandishe gari linalofika mpaka mlangoni pao.

Kwa wasikilizaji wengine wenye ndugu Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, ambako magari ya Japani ya mkono wa pili ni mengi na lami ni ndefu, mambo yako katikati. Huko barabara kuu ni nzuri na matuta ya kupunguza kasi ni mengi mno. Mfumo wa kompyuta unaweza kufaa kama yupo fundi mwenye kifaa cha kuusoma na kama vipande vinapatikana mjini, si kwa kuagiza. Ukitajiwa jina la fundi huyo, mtembelee kabla ya kununua gari, umwone akilisoma gari la mtu mwingine.

Na wewe mwanetu, kabla hujatoa hata euro moja, fanya hivi. Nenda asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha, upige tochi nyuma ya kila gurudumu. Ukiona mafuta kwenye bomba la amortiseri, bei inashuka au unaondoka. Washa gari, hakikisha taa ya saspensheni inawaka kisha inazimika. Taa isiyowaka kabisa huenda imeondolewa. Liendeshe kwenye mawe, si kwenye barabara kuu. Mwambie muuzaji anyamaze na azime redio. Pita njia ile ile mara mbili, kwanza hali ya kawaida, pili hali ya spoti. Kama husikii tofauti yoyote mgongoni na mikononi, mfumo umekufa au umefungwa kwenye hali moja, na hakuna sababu ya kuulipia. Halafu pita na lile gari la kawaida, mahali pale pale, kasi ile ile. Andika ukubwa wa matairi ya yote mawili. Uliza karatasi za amortiseri: zilibadilishwa lini, na nani. Na umwombe muuza vipuri akuandikie bei ya amortiseri moja ya mbele ya kila gari, kwa maandishi, uziweke karatasi hizo mbili mezani pamoja na bei za magari yenyewe. Ukishazijumlisha, tutumie ujumbe mwingine, utusomee tarakimu. Nitazisoma hapa hewani, na mafundi wa hapa mjini wanaonisikiliza watatoa maoni yao.